Waraka

Waraka ni barua au andiko rasmi. Wingi wake ni nyaraka. Asili yake ni Kiarabu, ambako neno hilo hutaja jani na karatasi pia. Wakristo wanalijua kwa Nyaraka za Paulo. Serikalini nchini Tanzania, waraka ni maelekezo yanayoshushwa kwa watendaji, kwa mfano kuhusu michango shuleni. Hapo ndipo penye uzito: maelekezo yanamgusa mzazi, lakini nakala hukaa kwenye jalada la ofisi.

Sheria za sasa za haki ya kupata taarifa hazimwachi mzazi wa namna hiyo mikono mitupu, awe Kenya au Tanzania. Kenya ina Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na sheria ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, au saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka huohuo wa 2016. Muda wake ni siku 30, mrefu mno kwa mzazi anayedaiwa mchango leo. Mwombaji aandike ombi lake, akitaja waraka anaoutaka.