Katarina Witt na Macho ya Dola

Katarina Witt alizaliwa tarehe 3 Desemba 1965 huko Staaken, kando ya Berlin, katika nusu ile ya Ujerumani iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti. Alifunzwa katika mji wa Karl-Marx-Stadt, ambao sasa umerudia jina lake la kale, Chemnitz. Mwalimu wake wa kuteleza juu ya barafu, Jutta Müller, alikuwa mkali, wala hakuridhika na wepesi wa miguu peke yake. Alimtaka binti huyo aiteke mioyo ya watazamaji kwa uso na macho pia.

Mwaka 1984 Witt alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Sarajevo, na mwaka 1988 akatwaa nyingine Calgary. Tangu Sonja Henie wa Norwei, hapakuwa na mwanamke aliyeshinda mara mbili mfululizo. Huko Calgary yeye na Mmarekani Debi Thomas walichagua muziki wa opera moja, Carmen. Carmen wa Thomas alibaki hai. Wa Witt alianguka akafa juu ya barafu.

Dola ilimtunuku gari, na ruhusa ya kuvuka mpaka ambao raia wengine walipigwa risasi walipojaribu kuuvuka. Lakini mkono uliotoa ulikuwa na macho. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989, na majalada ya Stasi, polisi wa siri, yalipofunguliwa, ilidhihirika kwamba alikuwa akipelelezwa tangu utoto wake. Hata mambo ya chumbani yaliandikwa. Wajerumani wengi walikwisha kumwita kipenzi cha madhalimu. Shutuma hiyo si ya bure, maana aliutumikia utawala ule kwa fahari. Walakini mtoto hachagui dola ya kumlea, wala hawaiti wapelelezi mlangoni pake.

Mwaka 1994, sheria ya michezo ilipowaruhusu wachezaji wa kulipwa kurejea, alikwenda Lillehammer akiwa na umri wa miaka 28. Sarajevo ilikuwa imezingirwa na majeshi, na ukumbi wa Zetra, alimovikwa dhahabu yake ya kwanza, ulikuwa gofu. Aliuchezea mji huo wimbo wa kupinga vita unaouliza maua yote yamekwenda wapi. Waamuzi walimpa nafasi ya saba.