Kikao cha Kuandika: Historia ya Jambo na Jina Lake

Mfasiri akipokea tangazo la chuo kikuu linalowaalika wanataaluma waje waandike pamoja kwa njia ya mtandao, aghalabu huliita jambo hilo "warsha ya uandishi". Kosa hilo linaeleweka, kwani neno warsha limekwisha kuzoeleka maofisini. Lakini warsha ina mkufunzi, ina mada, na tusifichane, ina posho na chai. Katika jambo tunalolizungumzia hapa hakuna hata kimoja cha hivyo. Watu hukutana, kila mmoja hutaja kazi aliyo nayo, kisha wote hunyamaza na kuandika. Ili tulipatie jina linalolistahili, yafaa kwanza tuifuate historia yake.

Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alichunguza kwa nini walimu wa vyuo vikuu, ambao kazi yao yadai kuandika, hawaandiki. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1989 alilinganisha makundi matatu. Kundi lililoendelea na desturi yake ya zamani liliandika wastani wa kurasa 17 kwa mwaka. Lililoandika kila siku na kuweka kumbukumbu, kurasa 64. Na lile lililofanya yote hayo na tena likatoa hesabu kwa mtu mwingine kila juma, kurasa 157. Tarakimu hizo zimenukuliwa mno, na mwaka 2016 Helen Sword wa Chuo Kikuu cha Auckland alionya kwamba amri ya kuandika kila siku haimfai kila mtu. Onyo lake ni la haki. Hata hivyo linalotuhusu hapa si habari ya kila siku, bali ile tofauti iliyopo baina ya 64 na 157: nyuma yake yupo mtu wa pili.

Huko Uskoti, Rowena Murray alimleta huyo mtu wa pili chumbani. Katika kambi zake za kuandika, ambazo yeye na Mary Newton walizieleza katika makala ya mwaka 2009, wanataaluma hukaa chumba kimoja na kuandika kwa saa zilizopangwa. Mtindo huo aliufananisha na chumba cha wapiga chapa, akiupambanisha na ule wa kila mtu kujifungia peke yake kama mahabusu. Watumishi wa siku nyingi wanakikumbuka chumba hicho: mashine zikilia kwa pamoja, na ye yote aliyesita akajulikana kwa ukimya wa mashine yake.

Kipimo cha muda kilitoka kwingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa Kiitalia, Francesco Cirillo, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaitumia kujibana asome bila kukatiza. Baadaye mtindo wake ukatulia kwenye dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na kipande hicho cha muda kikaitwa kwa jina la nyanya kwa Kiitalia, yaani pomodoro.

Mwaka 2007 Rennie Saunders alianzisha mjini San Francisco mikutano ya waandishi mikahawani, kwa jina la Kiingereza lenye ukali ambalo maana yake ni "nyamaza, andika". Hao walikuwa waandishi wa kila aina. Miaka michache baadaye Inger Mewburn aliupeleka mtindo huo kwa wanafunzi wa uzamivu huko Melbourne, Australia, na kutoka mikahawani ukaingia mtandaoni: katika muongo wa 2010 palikuwa na vikao vya Jumanne kupitia Twitter, ambamo wanataaluma walioishi mbalimbali waliandika kwa saa moja ile ile. Kisha ikaja UVIKO-19. Machi 2020 vyuo vikuu vilifungwa katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo, na lililokuwa jambo la wachache likawa la kawaida: kamera wazi, vipaza sauti vimefungwa, na nyuso za watu walioinamia kazi zao.

Sasa turudi kwenye jina. Wako wanaopendelea ujima. Neno hilo ni zuri, ila ujima hulima shamba la mmoja leo na la mwenziwe kesho. Hapa kila mtu hulima lake. Mfano ulio karibu zaidi uko mwambao: wanawake wasukao ukili huketi pamoja barazani, kila mmoja na ukili wake. (Ni kweli kwamba hao huzungumza wakisuka bila mkono kusimama. Mwandishi hana bahati hiyo.)

Napendekeza tuseme kikao cha kuandika pamoja. Neno kikao linatokana na kukaa, na kukaa ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Nasema kuandika, wala si uandishi, kwa kusudi: uandishi ni fani ambayo mtu aweza kufundishwa, bali kuandika ni tendo. Tofauti hiyo si ndogo. Nimewahi kuhudhuria kikao kilichotangazwa kuwa ni warsha; washiriki walikaa na kalamu mikononi wakimngoja mtoa mada, na muda mwingi ulipotea katika kueleza kwamba hayupo wala hatakuja.

Anayeongoza asiitwe mwezeshaji, kwa kuwa hawezeshi lo lote ila kutazama saa. Mshika saa yatosha. Na kile kipande cha dakika 25 tusikiite nyanya, jina ambalo lingemchekesha msomaji pasipo kumwelewesha. Kiswahili kina mkupuo, na kila mtu anajua maana ya kufanya jambo kwa mkupuo mmoja. Wingi wake ni mikupuo. Hivyo taarifa ya kikao itasomeka: washiriki waliandika mikupuo minne, wakapumzika dakika tano kati ya mmoja na mwingine, kisha kila mmoja akaeleza alipofikia.