Kenya Airways: Dhamana iliyogeuka deni la mlipa ushuru

Kenya Airways ilizaliwa mapema 1977, baada ya shirika la East African Airways kusambaratika sambamba na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karibu miaka 20 shirika hilo jipya lilikuwa mali ya serikali. Mwaka 1996 likabinafsishwa: KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, wananchi wakauziwa hisa katika Soko la Hisa la Nairobi, na serikali ikabaki na asilimia 23. Miaka iliyofuata ilikuwa ya faida.

Kisha ikaja pupa ya kupanuka. Chini ya Mradi wa Mawingu, shirika lilikopa ili kununua ndege mpya, zikiwemo Boeing 787 Dreamliner. Ndege zikaja, abiria wakapungua. Shambulio la Westgate la 2013 liliwatisha watalii, Ebola ikakatiza safari za Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, huku mashirika ya Ghuba na Ethiopian Airlines yakinyakua wateja. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ulifungwa kwa hasara ya Sh25.7 bilioni. Uliofuata, Sh26.2 bilioni.

Novemba 2017 serikali iliingia kuliokoa shirika. Iligeuza mikopo iliyokuwa imelikopesha kuwa hisa na kufikisha asilimia 48.9. Benki za humu nchini, ambazo nazo zilikuwa zinadai, zikapata asilimia 38.1. Juu ya hayo, serikali ikatoa dhamana ya dola 750 milioni: 525 milioni kwa benki ya Exim ya Marekani na 225 milioni kwa benki za Kenya.

Hatari ya dhamana ni kwamba siku inapotiwa saini haimuumi mtu. Hakuna pesa inayotoka Hazina, wala hakuna kaunti inayopunguziwa mgao. Maumivu huja mdaiwa akishindwa, kwani mkopeshaji humgeukia mdhamini. Ndivyo ilivyokuwa. Korona ilipofunga anga mwaka 2020, hasara ilifika Sh36.2 bilioni, shirika likashindwa kulipa mkopo wa Exim, na Hazina ikaubeba.

Je, serikali inaweza kuokoa kampuni na mlipa ushuru akafaidika? Inaweza, na mfano upo. Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, ilikuwa taabani mwaka 1979. Bunge la nchi hiyo liliidhinisha dhamana ya dola 1.5 bilioni, lakini likaweka masharti magumu: wafanyakazi wakubali kupunguziwa malipo, benki zilegeze madai yao, na kampuni iuze baadhi ya mali. Serikali pia ilipewa haki ya kununua hisa milioni 14.4 kwa dola 13 kila moja. Kufikia 1983 Chrysler ilikuwa imelipa mikopo yote, miaka saba kabla ya muda. Bei ya hisa ilikuwa imepanda, na serikali ikauza haki ile kwa dola 311 milioni.

Watetezi wa Kenya Airways husema thamani yake haipimwi kwa faida pekee, kwa kuwa inabeba ajira, utalii na hadhi ya Nairobi kama kitovu cha safari. Hoja hiyo ina uzito. Shirika hata lilipata faida ya Sh5.4 bilioni mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11. Lakini nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta tena hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kampuni nyingine itabisha hodi Hazina, iwe ya sukari, ya ndege au ya umeme. Kabla ya saini, Bunge litangaze hadharani nani atapata hasara kwanza, deni litaisha lini, na mlipa ushuru atapata fungu gani mambo yakinyooka. Asipoahidiwa fungu lolote, basi hiyo ni ruzuku, na iandikwe hivyo kwenye bajeti ili ishindanie fedha na shule na hospitali.