Manowari ya Kidole Kimoja

Manowari niliyounda ina urefu wa kidole changu. Milingoti yake mitatu ni vijiti vya kuchokolea meno, kamba ni uzi wa kushonea. Nimeigundisha kwenye kadibodi ngumu. Mawimbi ni gundi nyeupe iliyokauka, juu rangi ya bluu. Kwenye mchezo wa vita vya mezani unashika hicho kitako tu. Ukishika milingoti, imevunjika.

Kwenye kitako nimeandika jina: Santo António de Tanna. Wareno waliiunda Bassein, India, ikaja Mombasa na msaada wa Fort Jesus, iliyozingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Ilizama mbele ya ngome, Oktoba 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977.

Hapo ndipo nilikwama. Kanuni zetu zinahesabu mizinga, upepo na kete. Lakini msee, ngome haikuishiwa na mizinga, iliishiwa na watu. Njaa na magonjwa viliwamaliza Wareno na Waswahili waliokuwa nao ndani, hadi ikaanguka Desemba 1698. Hao hawakuwa na kitako mezani.

Basi nimekata kadibodi nyingine, tupu, nikaiweka ndani ya ukuta. Kila raundi msaada usipofika, naipunguza kwa makasi. Siku hizi mabeshte hawakimbilii kurusha kete.