Safu ya Lugha: Kuchemka

Pale Mazeras, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, dereva akikuta betri inatoa povu husema imechemka. Nalipenda neno hili, maana linataja kinachoonekana: viputo vinapanda, maji yanapungua. Hapo jirani Rabai, ambako mmisionari Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni mwaka 1846 na kukusanya maneno ya kamusi ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka 1882, maneno ya gereji nayo yanastahili kusikilizwa.

Ila neno hili imechemka lina mtego. Chungu kikichemka tunatazama moto. Betri ikichemka wengi hulaumu jua, wakaongeza maji na kuendelea na safari. Kumbe umeme uliozidi ndio unaoyapasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni, hata kabla hayajafikia joto la kuivisha chai. Betri ya volti 12, injini ikiunguruma, mita isome takriban 13.8 hadi 14.4. Ikipita 15, mtuhumiwa wa kwanza ni regyuleta ya altaneta, kisha waya zilizolegea. Kwenye sola ya nyumbani, kagua kidhibiti chaji.

Kwa hiyo imechemka ibaki jina la dalili. Ugonjwa wenyewe tuseme imechajiwa kupita kiasi. Yaliyotoka ni maji, asidi imebaki, basi huongezwa maji safi ya betri, si asidi. Ukisikia harufu ya yai viza, zima injini, acha hewa ipite, na sigara ikae mbali: haidrojeni hulipuka kwa cheche moja.