Samaki Wawili Katika Kioo Kimoja

Waswahili husema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii imewatia hofu wengi waliotaka kufuga samaki wa aina mbili katika tangi moja la kioo nyumbani. Mtu anayewakutanisha samaki wageni kwa mara ya kwanza hukaa akilitazama tangi, akingoja kuona nani atamuuma nani. Pezi likichanika, husema methali imethibitika. Siku saba zikipita kwa utulivu, husema methali imeshindwa. Lakini historia ya ufugaji huu yafundisha jambo zito kuliko hilo. Vita ni hatari moja tu miongoni mwa hatari za ujirani. Iko hatari nyingine ambayo huja kimya na hupendeza macho ijapo, nayo ni amani inayozidi kipimo.

Tangi la nyumbani, kama lijulikanavyo leo, lina asili yake katika jaribio la mkemia mmoja wa London, Robert Warington. Mwaka 1849 alichukua chombo cha kioo chenye nafasi ya galoni 12, akatia mchanga, mawe, mmea wa majini uitwao Vallisneria, na samaki wa dhahabu wawili. Alitaka kujua kama samaki na mmea waweza kupeana uhai pasipo maji kubadilishwa. Samaki hutoa hewa ambayo mmea huihitaji, na mmea, ukipata mwanga, hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta. Mambo yalikwenda vema mpaka majani yaliyokufa yalipoanza kuoza na kuyachafua maji. Hapo Warington akaongeza konokono wa maji. Konokono wakala uozo, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 alizieleza habari hizo mbele ya wanakemia wenzake. Kwa hiyo tangu mwanzo, ujirani wa viumbe wasiofanana haukuwa pambo la tangi. Ulikuwa ndio sharti la uhai wa tangi lenyewe.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoeneza mapenzi ya matangi katika nyumba za Uingereza. Haukupita muda mrefu ila samaki wa nchi za mbali wakaanza kuletwa Ulaya. Mwaka 1869 Pierre Carbonnier wa Paris alipokea kutoka China samaki aitwaye makropodi, ambaye huvuta hewa juu ya uso wa maji. Dume wake hujenga kiota cha mapovu na kukilinda kwa meno. Hapa methali ya fahali ilipata shahidi. Samaki wa dhahabu mwenye mapezi marefu na mwendo wa taratibu hana kinga mbele ya jirani wa namna hiyo.

Kutokana na hasara nyingi, wafugaji walijifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kuwaweka pamoja samaki wa aina mbili. La kwanza ni la maji: je, wote wawili wametoka katika maji yenye joto moja na tabia moja? La pili ni la kinywa: je, mdogo aweza kuingia katika kinywa cha mkubwa? Kwani kiumbe aingiaye kinywani, siku moja atamezwa, hata kama wamekaa pamoja mwaka mzima. La tatu ni la makao: je, kila mmoja ana jiwe, kichaka au pembe ya kujisitiri? Maswali haya ni ya haki, na mpaka leo hayajachakaa. Hata hivyo yote matatu yana hofu moja, yaani kwamba samaki mmoja atamdhuru mwingine.

Swali la nne lilitoka katika Ziwa Viktoria. Humo waliishi mamia ya aina za samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita wote kwa jina moja la furu. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu hao huko Mwanza. Mwaka 1985 furu mmoja alipewa katika vitabu vya elimu jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 jamaa yake wa karibu naye aliandikwa, akaitwa pundamilia kwa ajili ya milia ya mwili wake, na jina hilo la Kiswahili likawa pia jina la ukoo unaowakusanya wote wawili. Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu na mbavu za manjano, na dume wa pundamilia ana rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Majike yao hayana fahari ya rangi, nayo hufanana mno. Aina hizi mbili huishi kati ya miamba ya visiwa, na mahali pengi nyererei hukaa kwenye kina zaidi.

Wakati huo ziwa lilikuwa katika msiba. Sangara, ambaye hakuwa mwenyeji wa ziwa hilo, alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 aliongezeka mno, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hilo lilikuwa swali la kinywa, lililopuuzwa katika chombo kikubwa kupita matangi yote. Lakini maji nayo yalikuwa yakibadilika. Udongo na mbolea vilitiririka kutoka mashambani, taka zikatoka mijini, mwani ukasitawi, na mwanga ukapungua chini ya maji.

Ole Seehausen na wenzake walitaka kujua ukungu huo unawafanya nini furu waliosalia. Katika matangi ya Leiden, majike yaliwekwa mbele ya madume ya aina zote mbili. Chini ya mwanga mweupe, jike alimchagua dume wa aina yake. Chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, uliozificha rangi za madume, uchaguzi huo ulipotea. Mwaka 1997 walitangaza kuwa jambo kama hilo linatendeka ziwani: maji yanapofifia, rangi hufifia, na idadi ya aina hupungua. Watoto wa mchanganyiko huo ni wazima, nao huzaa. Ukuta uliozitenga aina mbili ulikuwa umejengwa kwa rangi na jicho tu.

Mfugaji wa nyumbani hana budi kulitafakari jambo hili. Aweza kuwaweka nyererei na pundamilia pamoja, maji yakawafaa, vinywa vikatoshana, makao yakatosha, na asione hata pezi moja lililochanika. Baada ya vizazi vichache tangi litajaa samaki wachangamfu, ambao wageni watawasifu, lakini hatakuwamo nyererei wala pundamilia. Hasara hii si ndogo, maana ziko aina za furu ambazo hazionekani tena ziwani, na uhai wao umebaki katika matangi tu. Ndiyo maana wafugaji waangalifu huwatenga furu walio jamaa wa karibu, huwachagulia majirani wa ukoo wa mbali, huwapa mwanga mweupe na maji safi, na huandika jina la kisiwa ambako kila furu alitoka.

Warington alihitaji samaki, mmea na konokono, na kila mmoja alimfaa mwenziwe kwa kuwa hakufanana naye. Kwa hiyo haitoshi mfugaji kuuliza kama samaki wake wawili watapigana. Yampasa kuuliza pia kama watabaki kuwa wawili.