Barua za manamba mmoja kwa mkewe

Bibi yangu mzaa baba ana barua 11 ndani ya kopo la biskuti. Zote babu alimtumia kati ya 1956 na 1960, akiwa manamba kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na bibi kabaki kijijini, Songea. Stempu zake ni za enzi zile nchi tatu zina posta moja: kichwa cha Malkia wa Uingereza na majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika yamebanana kwenye kijikaratasi kimoja. Nimezisoma zote mwaka huu, kwa ruhusa yake. Ndugu msomaji, nifuate taratibu, maana mle ndani mna historia ambayo sisi tulioishia chuo kikuu hatukuwahi kuulizwa kwenye mtihani wowote.

Manamba ni neno lililotokana na namba. Ukiandikishwa unapewa namba, na kazini ndiyo inayokutambulisha. Mkonge wenyewe ni mgeni: Dk. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Lakini kufikia siku babu anapanda lori, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo, na Tanga peke yake haikuwa na watu wa kutosha kulikata. Wenye mashamba walikuwa wameunda chombo chao cha kutafuta watu, SILABU, mwaka 1944, kikawafuata mbali huko Kigoma, Songea na kwingineko. Songea kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na fedha ilikuwa ya shida. Tumbaku ilikuwepo, na chama chake cha ushirika, NGOMAT, kipo toka 1936, ila si kila kijana alikuwa na shamba la kueleweka. Babu alikuwa na mke wa miezi saba na deni la kodi. Akaenda.

Sasa, ukizisoma barua hizi bila kujua kipande ni nini utaona babu alikuwa mtu mkavu kweli. Kipande kilikuwa kadi ya kazi. Mshahara ulitoka zikitimia siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Umeugua, siku haihesabiwi. Hujamaliza idadi ya mafungu uliyopangiwa, na fungu moja ni majani 30 yenye miiba, hiyo nayo imekwenda na maji. Kwa hiyo babu akiandika "kipande kina 19", anamwambia mkewe kwamba mwezi huu hajaugua, mikono bado ipo, na hela ya shuka inakaribia. Bibi alilijua hilo kuliko mimi. Nilipolisoma kwa haraka akanisimamisha: "Rudia hapo pa kipande."

Barua 7 za kwanza zina mwandiko mmoja mzuri wa karani, maana babu alikuwa hajui kuandika. Karani alikuwa fundi hasa. Kila barua inaanza na ua la moyo wangu, inafuata nia ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima, hofu ni kwako tu. Bibi anacheka mpaka leo. Anasema mumewe hajawahi kumwita ua hata siku moja. Nashuku wake wengi wa manamba wa kambi ile waliitwa ua na mtu yule yule. Halafu kuna jambo jingine: mwaka 1958 mashamba ya mkonge yalitikiswa na migomo, ule wa Mazinde ukiwa si mbali na Korogwe, na babu hataji hata neno. Usingetaja na wewe, kama anayekuandikia ni karani wa mwajiri.

Hali hii haikuwa ya kwetu tu. Mwanahistoria Keith Breckenridge aliandika mwaka 2000 kuhusu barua za wafanyakazi wa Afrika Kusini, akaonyesha jinsi mapenzi yao yalivyopita mikononi mwa waandishi wa kukodi. Ila huku Songea kulikuwa na mtu wa tatu: msomaji. Bibi naye hakujua kusoma. Barua ikifika, inapelekwa kwa mwanaume aliyesoma, na anaisoma jioni uani kwa baba mkwe, ukoo mzima umekaa. Hebu jiweke hapo. Mumeo anakuandikia, na wa kwanza kusikia ni baba yake.

Barua ya 8, ya mapema 1959, mwandiko umebadilika. Herufi ni kubwa, zimepanda na kushuka kama tuta la viazi. Babu alikuwa amejifunza usiku kambini na sasa anaandika mwenyewe. Hakuna ua wala moyo. Inasema amepewa chumba, wake wanaruhusiwa, kuna lori la SILABU mwezi ujao, njoo. Na kweli SILABU walisafirisha wake na watoto pia.

Bibi hakusomewa hayo. Alisomewa salamu na shilingi 40. Msomaji aliruka katikati, akafunga barua, akampa. Kama aliagizwa na baba mkwe, ambaye angepoteza jembe la mkwewe, au aliona aibu tu, bibi hajui, na msomaji amekwishafariki.

Barua ya 9 ina kipande na fedha, basi. Salamu za mke hazimo, kwa mara ya kwanza. Bibi akaamini babu kapata mwanamke Tanga, maana wengi walipata, na wengi walihamia huko moja kwa moja. Babu akaamini amekataliwa. Wakakaa hivyo mwaka mzima na zaidi. Mwaka 1960 akarudi na baiskeli, wakazaa watoto sita, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ukifungua kitabu cha Rodney, Tambila na Sago cha 1983 utajifunza mengi kuhusu namna manamba walivyoandikishwa na walivyofanya kazi. Ni kitabu kizuri, kitafute. Lakini SILABU ilihesabu walioondoka. Aliyebaki na barua nusu haingii kwenye hesabu yoyote.

Serikali ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi akaingia kisomo. Kitabu cha darasani kilimchosha, akawa anajizoeza na barua za kwenye kopo. Alifika ya 8 mwaka 1972. Anasema aliisoma mara tatu, akidhani ni yeye hajui vizuri. Babu alikuwa nje anatia mpini kwenye jembe. Akamfuata nayo.

"Nilidhani ulikataa," babu akasema.

"Sikusomewa."

Nikamuuliza babu alijibu nini.

"Alimaliza kutia mpini," bibi akasema. "Mengine yetu, mume wangu. Nawe una wako huko Dar, mwandikie."

Babu alifariki 1998. Kopo liko juu ya kabati.